Dakika Thelathini na Moja

Miaka ishirini na sita nimevuta nyaya za watu hawa,
nimepakia kinanda chenye uzito wa ng'ombe mwenye mimba
kwenye gari lililooza sakafu, kutoka Rimouski hadi Gaspé,
theluji ikituingilia kwa chini, nasi tukicheka.
Mgongo wangu unaujua muziki wao kuliko masikio.

Wakati ule Réjean hakupiga ngoma, alidai madeni:
kumi na tatu, kumi na moja, saba, kisha kumi na tatu tena,
na ole wako utikise kichwa, utateguka shingo.
Solo ya Gaétan ilianza nikiwasha sigara,
ikaisha nimekwisha kuacha kuvuta.
Wimbo mmoja ulikula upande mzima wa santuri,
ukavuka, ukaomba nyongeza.
Tulivaa majoho. Ndiyo, hata mimi, fundi mitambo.

Sasa hii.
Dakika thelathini na moja.

Nitasema ilivyokuwa, maana magazeti yataandika "ukomavu",
yataandika "hekima ya uzee", na hayo ni mapambo.
Studio ilikuwa ghali. Tukashuka chini ya nyumba
ya mama yake Réjean,
katikati ya tangi la mafuta na mitungi ya achari,
na juu yetu, kitandani, Bi Fernande,
miaka tisini na mmoja, mapafu yamebaki mifuko ya karatasi.
Siku ya kwanza Gaétan alipiga noti moja tu, kubwa,
na fimbo ikagonga dari yetu: ko, ko, ko.

Tukapunguza.
Ko, ko.
Tukapunguza tena. Réjean akazifunika ngoma kwa mablanketi,
akaacha vijiti, akashika brashi, kisha viganja vitupu.
Ghislaine akatafuta kwenye kinanda sauti ndogo kuliko zote,
akaipata mahali ambapo hajawahi kugusa tangu akinunue.
Gaétan alikaa siku mbili amenuna, gitaa mapajani,
kama mtu aliyeambiwa asimulie maisha yake
kwa vidole vya mkono mmoja.
Siku ya tatu akatoa noti nne.
Nne.
Nilizirekodi nimezuia pumzi,
nikagundua kwamba miaka yote ile
sikuwahi kumsikia akisema jambo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu;
hawakukaa chini ya sakafu ile mwezi wa pili,
tanuri likizima na kuwaka,
kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi
kama watu wanaopishana mlangoni: pita wewe, hapana, wewe.

Ijumaa moja tulicheza chini sana
hata spika zikasikika zikipumua.
Fimbo ikagonga. Mara tatu, kwa hasira.
Réjean akapanda ngazi kuomba radhi.
Akarudi anacheka, uso umelowa.
"Anauliza kama tumekufa.
Anasema tuongeze, hasikii."

Tukaongeza. Kadiri ya kijiko cha chai.

Alifariki barafu ya mto ilipoanza kupasuka.
Siku ya kuchanganya sauti, Gaétan aliuliza
kama sasa, maadamu nyumba ni tupu,
tungeurudia wimbo wa tano kwa nguvu zetu za zamani.
Hakuna aliyemjibu. Yeye mwenyewe ndiye aliyezima amplifaya.

Mashabiki watalalamika, nawajua,
wengine wana majoho yao bado, kabatini, na dawa ya nondo.
Watasema moto umezimika. Wapige hesabu watakavyo.
Mimi nawaomba kitu kimoja: wimbo wa tano,
dakika ya pili na sekunde kumi,
pale ngoma inapostahili kuingia na haiingii,
mtasikia mbao.
Ningeweza kuifuta sauti ile, ni kazi ya sekunde mbili.
Réjean aliniangalia, kidole changu kiko juu ya kitufe.
Nikakitoa, nikakitia mfukoni.